Mafuta ya Nazi Yameganda

Mmejifunika? Mimi leo nimeingia studio na koti. Fundi mitambo wetu, huyu aliyekaa nyuma ya kioo, kwao ni Makete. Amevaa fulana ya mikono mifupi, na tangu niingie ananitazama kama mtu aliyekutana na mgonjwa wa homa barabarani. Acheke. Nitamfikia kabla dakika zetu hazijaisha.

Leo nataka tuzungumze habari ya baridi. Baridi ya wapi? Ya hapa hapa Tanga. Nimesema baridi na nimesema Tanga kwa pumzi moja, na bado niko hewani.

Haya, nianzie nyumbani. Nimeamka alfajiri, nikaoga, na mwezi huu wa Julai kuoga alfajiri kwa maji ya ndoo ni jambo la kutangaza. Nikanyoosha mkono dirishani nichukue chupa ya mafuta ya nazi nijipake. Nikaiinamisha, kimya. Nikaitikisa, kimya. Mafuta yameganda, meupe kama mshumaa, yamekamatana na chupa hadi shingoni. Sasa hapo unafanya nini? Mnajua wenyewe. Wengine huitia kwapani wakangoja. Wengine huizamisha kwenye kikombe cha maji ya moto, chai ikachelewa. Wenye haraka huchokoa kwa njiti ya ufagio wa chelewa.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na njia moja tu. Aliisimamisha chupa juu ya ukuta wa uani, upande unaopigwa na jua la asubuhi, akaenda zake kufagia. Akimaliza kufagia, mafuta yako tayari. Na siku ya kwanza ya mwaka aliyoikuta chupa nyeupe, alisema maneno mawili tu: "Kipupwe hicho." Kisha alifungua sanduku akatoa blanketi, lile lenye harufu ya karafuu na ya sanduku lenyewe, akatufunika wajukuu watatu kwa pamoja. Yule wa kati ndiye aliyefaidi.

Chupa yangu ya leo nimekuja nayo. Nimeiweka hapa mezani mbele ya kipaza sauti. Tutaitazama tukizungumza.

Kwa nini mafuta ya nazi? Kwa sababu yana tabia yao. Joto likishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, yanaanza kuganda. Likipanda juu ya hapo, yanayeyuka. Sasa usiku wa Februari hapa Tanga kwa kawaida haushuki sana chini ya 24. Mnalala mlango wazi, shuka iko miguuni, na mafuta yako maji. Usiku wa Julai hushuka hadi 20 au 21. Mchana nao ni hivyo hivyo: Februari ni 32 au zaidi, Julai ni 28. Tofauti ni nyuzi nne, au karibu na hapo. Nyuzi nne tu! Naomba mnishikie namba hiyo, maana leo sitawapa namba nyingi.

Kipimajoto cha bibi, basi, kilikuwa na alama moja tu, lakini alama hiyo imewekwa pale pale panapotufaa sisi watu wa pwani.

Sasa nirudi kwa fundi wetu. Kwao Makete, asubuhi ya Julai, majani huweza kuamka na sakitu, ile barafu nyembamba inayolia chini ya viatu. Mchana jua likiwaka mtu anavua sweta, jioni analivaa tena. Yaani huyu bwana, kwa siku moja, anavuka nyuzi nyingi kuliko tunazovuka sisi kutoka usiku wa Februari hadi usiku wa Julai. Mwili wake umezoea kupanda na kushuka. Mwili wangu umezoea kukaa mahali pamoja, kama mzee wa baraza. Ukimsogeza mzee wa baraza hatua nne, atalalamika.

Halafu kuna nyumba, na jambo hili hatulisemi vya kutosha. Nyumba ya Makete imejengwa kuufungia moto ndani. Yetu imejengwa kuufukuza. Tazama nyumba zetu za Ngamiani: ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, juu ya ukuta kuna matundu, madirisha ni nondo na wavu. Miezi tisa tunamshukuru aliyebuni ukumbi ule. Miezi mitatu upepo unaingia mbele, unatusalimia mmoja mmoja kitandani, unatokea uani. Kumbuka na unyevu wa bahari: shuka lenyewe ukiligusa usiku wa manane kama halijakauka vizuri. Kwa hiyo fundi, unaponiona na koti, usitazame kipimajoto peke yake. Tazama na nyumba niliyotoka.

Ameinua mikono. Tuendelee.

Swali linalofuata: baridi hii inatoka wapi? Leo saa sita adhuhuri, toka nje usimame karibu na mnazi. Kivuli chake kimelala upande gani? Mwezi huu kimelala kusini, kwa sababu jua limehama, liko kaskazini yetu. Hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya hapo linakwenda kuwapasha wenzetu wa kaskazini, na sisi linatutupia jicho la pembeni.

Lakini jua peke yake halitoshi kutuvalisha makoti. Kazi kubwa inafanywa na upepo wa kusi. Huko mbali, kusini mwa Bahari ya Hindi, pande za Morisi na Réunion na kushuka zaidi, miezi hii ni ya baridi, na hewa ya baridi ni nzito. Inalundikana, inakuwa ule unaoitwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa mgandamizo mkubwa wa hewa. Hewa iliyosongamana hutafuta pa kutokea, kama abiria kwenye mlango wa daladala ya jioni. Kaskazini, bara la Asia limepata moto na nafasi iko wazi. Basi hewa inakuja mbio juu ya maji, inapita Mtwara, inapita Mafia, inafika Pangani, na ndiyo hiyo inayopiga mlango wako saa tisa za usiku.

Na haiishii kwako. Hapa ndipo ninapopapenda. Ikishavuka mstari wa ikweta, inapinda, inaambaa na pwani ya Somalia, inakata bahari kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Ikifika huko haiitwi kusi tena. Watu wa Salala, kusini mwa Omani, wanaiita harifu. Milima yao iliyokuwa kahawia inafunikwa na ukungu na manyunyu, inakuwa kijani kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba. Na India ndiyo inayowaletea mvua za msimu, zinazofika Kerala mnamo Juni mosi. Upepo ni ule ule, jamani. Uliogandisha mafuta yangu alfajiri ya leo, mbele ya safari ni mvua ya mkulima wa mpunga.

Nina shangazi Maskati. Julai akipiga simu, hana salamu ndefu. "Mwanangu, huko kukoje?" Namwambia, shangazi, huku baridi, nimelala na blanketi. Anakaa kimya kidogo. Kwao joto limepita 40, watu wanatembea kutoka kiyoyozi hadi kiyoyozi. Kisha anasema, "Nitumie kidogo." Namwambia shangazi, upepo nimekwisha kuutuma, umepita hapa jana, nendeni mkaupokee Salala. Na kweli, familia nyingi za Maskati likizo hii huelekea huko huko.

Wazee wetu wa majahazi waliijua njia hiyo bila ramani ya setilaiti. Kaskazi iliwaleta, kusi iliwarudisha. Ibn Battuta alipotembelea pwani hii, mwaka 1331, alifika hadi Kilwa, na alipoondoka alikwenda kushukia Dhofari, jirani ya Salala ya leo. Upepo ulikuwa huu. Ila hawakuwa wajinga wa kusafiri Juni na Julai wakati kusi imepamba moto. Huko Arabuni bahari ilifungwa na vyombo vikapandishwa pwani. Walitoka mapema, kusi inapoanza, au wakangoja ichoke.

Na hapo katikati, kusi inapoondoka na kaskazi haijaingia, upepo haueleweki, leo huku, kesho kule. Majira hayo yanaitwa tangambili. Mgeni akisikia, anadhani tuna miji miwili.

Tuiache bahari ya zamani, twende Deep Sea, sokoni, asubuhi ya kipupwe. Mmeshafika pale mwezi huu? Mtu anakwenda na kapu lake, anakuta ngalawa zimepandishwa mchangani, tanga zimekunjwa. Wavuvi wamekaa chini ya mkungu, wamevaa majaketi ya mitumba, mmoja anashona wavu, kikombe cha kahawa kiko kwenye mchanga kando yake. Changu ni sinia moja, na akina mama waliolizunguka ni kumi na tano. Bei? Bei msiniulize. Jana mteja mmoja alimwambia mvuvi, "Mjomba, mbona samaki ghali hivi, wamehamia wapi?" Yule mzee hakuinua macho kutoka kwenye wavu. "Wapo mwanangu, wapo pale pale. Mimi ndiye nisiyefika."

Ndiyo habari nzima ya kusi kwa mvuvi. Samaki hawajaisha. Njia ndiyo imefungwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa miezi hii hutoa tahadhari mara kwa mara: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, na Tanga imo kwenye orodha pamoja na Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Mita 2 kwa meli si kitu. Kwa ngalawa ya watu wawili, wimbi la mita 2 ni ukuta. Basi wanavua ndani ya mwamba, kwenye maji yaliyotulia, na ndani ya mwamba hakuna kingi. Nawaomba wake wa wavuvi wanaonisikiliza: mzee akirudi mikono mitupu na kusema bahari chafu, mwaminini. Mwezi huu anasema kweli. Miezi mingine mtajuana wenyewe.

Ila bahari yenyewe inaipenda baridi hii. Matumbawe ni viumbe hai, na hayavumilii maji kuchemka. Mwaka 1998 bahari ilipata moto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na mengi yakafa. Kila mwaka, kuanzia Machi hadi Aprili, maji yetu hufikia joto lake la juu, na kinachoyapoza ni nini? Ni kusi inapoingia. Akina mama wa mwani wa Mkinga na wa ng'ambo Pemba wanalijua hili kwa mikono yao: maji yakiwa moto sana, mwani unapauka, unalegea, unakatika. Maji yakipoa unachangamka, ingawa kusi ile ile inaweza kuja na wimbi ikang'oa kamba na vigingi. Inakupa kwa mkono huu, inakudai kwa ule.

Mko pamoja nami? Chupa yangu bado nyeupe. Tutoke baharini, tupande basi mpaka Muheza.

Julai ni mwezi wa machungwa. Malori yanapakia, mengine yanakwenda Dar es Salaam, mengine yanavuka Horohoro kwenda Kenya. Sasa nikuulize: chungwa la Muheza lina rangi gani? Kijani. Limeiva, maji yanamwagika, utamu unakupanda mpaka masikioni, na ganda ni kijani. Mgeni kutoka Ulaya analikataa, anasema halijaiva. Kwao chungwa ni la rangi ya chungwa, hata jina la rangi hiyo wamelitoa humo. Kosa si la chungwa. Chungwa huacha ukijani wa ganda lake pale usiku unapokuwa wa baridi ya kweli, karibu na nyuzi joto 13. Baridi ya namna hiyo ndiyo inayovunja ile rangi ya kijani, manjano iliyojificha chini yake ikajitokeza. Uhispania wanayo. Afrika Kusini wanayo. Muheza, nyuzi zetu nne zinatosha kugandisha mafuta ya nazi, hazitoshi kulivua chungwa nguo. Rangi haihusiani na utamu. Wengine huko duniani huyafungia machungwa yaliyoiva kijani kwenye chumba na kuyapulizia gesi ili tu yabadilike rangi, mnunuzi aridhike. Sisi hatujafika huko, na mimi kwa maoni yangu tusifike.

Ukitaka baridi inayobadilisha mambo, usishuke Muheza. Endelea mpaka Mombo, ushike barabara ya kupanda. Mombo unanunua maji baridi ya chupa. Soni unafunga dirisha. Lushoto unatafuta sweta chini ya begi, na umesafiri kilomita thelathini na kitu tu. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi joto kama 6, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Wajerumani waliipenda, wakaiita Wilhelmstal. Huko miti ya peasi na pichi inazaa, kwa sababu miti hiyo haichanui vizuri bila kulala usingizi wa baridi kwanza. Ipande hapa Tanga, Raskazone, itakupa majani, ikushangae.

Ndugu zangu wa Lushoto, Bumbuli na Mlalo, nina neno moja nanyi, na hili silitanii. Jiko la mkaa usiku msiliingize chumbani mkafunga mlango na dirisha. Mkaa ukiwaka mahali pasipo hewa unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hakohoi, hashtuki, anasinzia tu. Narudia: jiko la mkaa libaki nje, au uliote, ulitoe, ndipo ulale. Na hata hapa mjini, kwa mama aliyetoka kujifungua na anayekandwa, jiko likishafanya kazi yake litolewe.

Haya, tushuke tena pwani, dakika zinakimbia.

Nilitaka kusema kidogo juu ya neno lenyewe. Kipupwe. Kuna wakati nilidhani linakufa. Vijana wa mitumba pale sokoni siku hizi wanapiga kelele "winta imeingia, winta imeingia", na sweta zinauzika. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanapotoa mwelekeo wa Juni hadi Agosti, wanauita msimu wa kipupwe, kwa maandishi, na redio zote zinalisoma. Nawashukuru. Ningependa waturudishie na mchoo, ile mvua ndogo inayodondoka kati ya masika na vuli, ambayo wiki iliyopita iliwalowanisha wengi waliosema "Julai hainyeshi". Na demani je? Ule mwisho wa kusi, upepo umekuwa mpole, bahari imelainika, mvuvi anauvuka mwamba tena. Nani kati yenu mwenye umri chini ya miaka thelathini amelitumia neno demani mwaka huu? Nanyamaza nisikie.

Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, wanauanza mwaka wao katikati ya baridi hii hii. Ni sherehe ya Mwaka Kogwa, mwezi huu wa Julai: wanapigana kwa migomba, wanachoma kibanda cha makuti, wanaimba. Manahodha wa zamani walianza kuhesabu siku zao hapo, kwenye siku hiyo ya mwaka mpya iitwayo Nairuzi, makumi kwa makumi, wakajua siku ya kushusha chombo na siku ya kukipandisha. Januari haikuwahusu.

Swali la mwisho, ambalo msikilizaji mmoja wa Pongwe aliniandikia: je, kipupwe cha siku hizi ni kile cha zamani? Bibi angesema hapana, lakini bibi alisema hapana kwa kila kitu, hata chumvi. Ninachojua kwa hakika ni kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani. Na ninajua hesabu ya chupa hii. Mahali penye sakitu, ukiongeza nyuzi nne, bado pana baridi, fundi wetu atavaa fulana vile vile. Tanga, ukiongeza nyuzi nne kwenye usiku wa Julai, umepata usiku wa Februari. Sisi kipupwe chetu kizima ni hizo nne. Hatuna akiba nyuma yake.

Fundi ananionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili. Tena anatabasamu. Nimegeuka kuitazama chupa, na sasa nimejua kwa nini anatabasamu: tangu tuanze mafuta hayakulegea hata tone, na mimi nimekaa hapa natetemeka ndani ya koti, nikiwaeleza habari za Morisi na za kusi. Kumbe juu ya kichwa changu kiyoyozi kimewekwa 18. Nani amekiweka? Huyo huyo wa Makete.

Wasikilizaji, kwaherini, tuonane wiki ijayo saa kama hii. Mimi natoka na chupa yangu nje, nyuma ya jengo kuna ukuta unaopata jua.